Mchwa ndani ya nyumba: fuata njia yao kabla hujanunua dawa

Ukiona mkanda wa udongo unapanda ukutani, usiufagie. Najua fagio liko karibu na ukuta umepakwa rangi juzi tu, lakini uache kwanza.

Shangazi yangu anaishi nje kidogo ya Dodoma mjini. Kwa miaka miwili alikuwa akifagia njia za mchwa sebuleni kila asubuhi, kisha anapulizia dawa ya mbu palepale. Aliponiita, kabati la vyombo lilikuwa limeliwa mgongo wote, na fremu ya mlango wa nyuma ilikuwa imebaki ganda la rangi. "Mwanangu, hawa nimewafagia leo asubuhi," aliniambia, "na kesho utawakuta." Nikamwomba aache kufagia kwa siku tatu. Siku ya nne njia ilikuwa imejichora yenyewe: ilianza nyuma ya kabati, ikashuka kwenye kona, ikafuata pale sakafu inapokutana na ukuta, ikaishia kwenye ufa mwembamba kati ya baraza na ukuta wa nyumba. Baraza lile lilijengwa miaka minne baada ya nyumba. Tulipovunja zege kipande cha futi mbili, chini yake tulikuta kifusi kilichochanganyika na vipande vya mbao za kufungia zege na ncha za mirunda. Mafundi walifukia mabaki yao wakamwaga zege juu. Mchwa walianza kula pale chini, chakula kilipopungua wakaingia ndani.

Hilo ndilo ninalotaka kila mwenye nyumba alielewe. Mchwa wana njia, na nyumba inapona njia hiyo ikikatwa. Dawa inasaidia kuikata, lakini ukimwaga dawa bila kujua njia iko wapi umemwaga hela.

Mchwa mfanyakazi ni mweupe, laini, na hana macho. Jua na hewa kavu vinamuua upesi, ndiyo maana hatembei hadharani. Anajenga handaki la udongo uliochanganywa na mate na kinyesi chake, anapita humo akiwa na unyevu wake. Anatafuta selulosi: mbao, karatasi, maboksi, makuti, hata kanga iliyosahaulika chini ya kitanda. Saruji haili, ila ufa wa milimita 1 unamtosha kupita. Na sehemu kavu kama Dodoma, Singida au Shinyanga, nyumba ndiyo penye maji mwaka mzima: bomba la bafuni linalovuja, sinki, mahali unapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Usishangae wakija upande huo.

Udongo, chembe au unga?

Kabla ya jambo lolote, jua ni nani anayekula mbao yako, maana nimeona watu wakichimba sakafu nzima kumfuata mdudu ambaye hajawahi kugusa ardhi.

Toboa mbao iliyoliwa kwa bisibisi. Ukikuta ndani kuna udongo na njia za udongo, ni mchwa wa ardhini, na karibu makala yote hii inamhusu yeye. Ukikuta ndani ni safi, hakuna udongo, lakini chini kunadondoka chembe ndogo ngumu zinazofanana na mbegu za mchicha, ni mchwa wa mbao kavu. Huyu anaishi ndani ya mbao yenyewe, hahitaji ardhi wala maji ya bomba, na anapatikana zaidi ukanda wa pwani: Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Lamu, Unguja. Ukikuta unga laini kama wa sembe na vitundu vya mviringo kama vilivyotobolewa na sindano nene, huyo si mchwa kabisa, ni bunguo, mdudu mwingine anayetoboa mbao.

Dawa ya kumwaga ardhini haimsaidii chochote mwenye mchwa wa mbao kavu au bunguo. Kwao kazi ni kutoa kipande kilicholiwa na kukichoma, kupaka dawa ya mbao kwenye mbao mbichi (isiyo na rangi wala vanishi, maana dawa haipiti juu ya rangi), na kudunga dawa kwenye vitundu vilivyobaki. Na ukinunua kabati au kitanda cha zamani, kigonge na kukikung'uta juu ya karatasi nyeupe kabla hakijaingia ndani. Wengi huletewa mchwa hawa na fanicha.

Njia ya udongo imepanda msingi au ukuta

Vunja kipande cha sentimita 3 katikati ya njia, uache pande zote mbili. Rudi baada ya siku mbili tatu. Ikiwa wameziba pengo kwa udongo mbichi, njia inatumika. Ikiwa pengo liko wazi na udongo uliobaki unapukutika kama vumbi, pengine wameihama. Lakini usifurahi hadi umezunguka nyumba nzima, kwa sababu huenda wamehamia upande wa pili.

Sasa ifuate kuelekea chini. Ikipanda kwa nje kutoka ardhini, tazama ardhi yenyewe imefika wapi. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni udongo kujaa ukutani: mwenye nyumba alijenga msingi mzuri, kisha akaleta mbolea, akapanda maua chini ya dirisha, akamwagilia jioni na asubuhi, na miaka ikipita bustani inapanda hadi usawa wa sakafu. Hapo msingi wote umefunikwa na mchwa anaingia bila kuonekana. Ondoa udongo huo. Kati ya ardhi na usawa wa sakafu paonekane angalau sentimita 20 za msingi mtupu, pande zote za nyumba. Maua yahame mita moja kutoka ukutani. Kuni, mabaki ya mbao na rundo la matofali visiegemezwe ukutani.

Njia ikitokea ndani, pale sakafu inapokutana na ukuta, tatizo ni ungio la jamvi, yaani zege la sakafu. Zege la jamvi na ukuta havishikani kama watu wanavyodhani. Vinaachana kidogo zege linapokauka, na mwanya huo unazunguka chumba kizima. Hapa ndipo dawa ya kudunga inapofaa: matundu ya milimita 12 yanatobolewa sakafuni kandokando ya ukuta kila baada ya sentimita 30, dawa inaingizwa chini ya jamvi, kisha matundu yanazibwa kwa saruji. Kazi hii mpe mtu mwenye mashine na anayejua bomba la maji na waya wa umeme vinapita wapi.

Njia ikizunguka bomba la choo au la maji linapotoka sakafuni, bomoa pale kidogo utazame. Mara nyingi fundi bomba alitoboa jamvi akalirudishia kwa mchanga na saruji kidogo juu juu. Safisha, weka dawa, jaza zege lenye nguvu. Kama bomba linavuja, tengeneza kwanza, vinginevyo utarudi.

Fremu ya mlango imelia tupu

Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu. Mbao nzima hutoa sauti kavu inayolingana, na mbao iliyoliwa hulia kama boksi. Rangi ikiwa imefanya mawimbi madogo karibu na sakafu, bonyeza kwa kidole gumba. Ikidumbukia, ndani hamna kitu.

Chanzo hapa karibu kila mara ni kimoja. Fremu ilisimamishwa kabla ya sakafu kumwagwa, miguu yake ikashushwa hadi kwenye kifusi ili isimame imara, kisha zege likaizunguka. Ukitazama juu unaona mlango mzuri wa mninga. Chini kuna mguu wa mbao umekaa kwenye udongo miaka yote. Mchwa hahitaji hata kujenga njia.

Kubadilisha fremu na kuisimamisha vilevile ni kurudia ugonjwa. Kata miguu iliyoliwa, chimbua mabaki ya mbao yote yaliyobaki ndani ya zege mpaka ufike kwenye udongo, mwaga dawa kwenye shimo, lijaze zege, liache likomae, ndipo fremu ikae juu ya zege hilo na ishikwe ukutani kwa vyuma. Sehemu ya chini ya mbao, ile iliyokatwa kwa msumeno, ipakwe dawa ya mbao mara mbili tatu maana nyuzi za mbao hunywa maji kupitia hapo. Kama mfuko unaruhusu, fremu za chuma kwa milango ya nje na ya bafuni zinaondoa mjadala.

Kumbikumbi wametokea ndani

Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi huruka, watoto wanafurahi na karai la maji linawekwa chini ya taa. Wakiingia dirishani wakifuata mwanga, hilo halina tatizo. Tazama asubuhi mabawa yamelundikana wapi. Yakiwa chini ya dirisha au chini ya taa, walitoka nje. Yakiwa kwenye ufa wa sakafu, chini ya fremu, au umewaona kwa macho wakitoka ukutani, ujue kuna kundi kubwa lililokomaa linaloishi chini ya nyumba au limefika ndani yake. Weka alama pale kwa chaki. Mwenyewe amekuonyesha mlango wake, na hatakuonyesha tena mpaka mwakani.

Wako kwenye kenchi za paa, lakini ukuta ni safi

Hili linawachanganya watu sana, wanasema mchwa wametoka angani. Wamepita pale ambapo huoni.

Panda darini mchana ukiwa na tochi. Tazama kwanza vichwa vya kuta, pale kenchi zinapokalia ubao wa juu ya lenta. Kama tofali ni za matundu, mchwa wanapanda ndani ya matundu kama kwenye ngazi. Kama tofali zimejengwa kwa udongo badala ya saruji, wanapita kwenye udongo wa katikati huku lipu ya nje ikiwa haina doa. Wanapita pia ndani ya mabomba ya nyaya za umeme. Ukiona udongo ndani ya soketi, zima umeme kwenye meni swichi kabla ya kugusa, na usimwage dawa ya maji humo hata kidogo. Wanapita kwenye tawi la mwembe lililolalia bati. Wanapita nyuma ya bomba la gata lililobanana na ukuta.

Kisha tafuta maji. Msumari wa bati uliolegea unadondosha tone moja moja juu ya papi, mbao inayopigiliwa bati, na papi hiyo ndiyo utakayoikuta imeliwa kwanza. Tangi la juu linalofurika kila usiku linafanya kazi hiyohiyo. Dari la jipsam nalo lina karatasi pande zote mbili: mchwa anakula karatasi, ubao unabaki jipsam tupu inayopasuka, na blandaringi, mbao zinazoshika dari, zinafuata.

Usianze kung'oa kenchi iliyoliwa kabla ya kuegemeza paa. Weka nguzo za muda, badilisha kipande kimoja baada ya kingine. Na mbao mpya iwe iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, ile yenye rangi ya kijanikijani. Paini inayoshuka kutoka Mafinga ni nyepesi na inapigika vizuri, lakini bila dawa mchwa wanaimaliza haraka. Fundi akiikata, ncha iliyokatwa inaonyesha moyo mweupe ambao dawa haikufika, kwa hiyo papakwe upya palepale juu ya paa. Usikubali kusikia "tutapaka baadaye".

Nao wanaoamini kwamba mninga, mkongo, mvule au mtiki hauliwi wako sahihi nusu. Kinachostahimili ni mbao ya moyo, ile yenye rangi iliyokolea. Mbao nyeupe ya pembeni ya gogo lilelile inaliwa kama paini. Ukinunua mninga wenye mistari mipana myeupe kwa bei ya mninga, umenunua mbao mbili kwenye ubao mmoja.

Nilipiga dawa, wamerudi

Uliza maswali haya kwa utaratibu. Dawa ilimwagwa wapi? Kupuliza ukutani kunaua wanaoonekana tu. Dawa ya mchwa wa ardhini inatakiwa iwe ndani ya udongo, ikizunguka nyumba bila kukatika. Ilimwagwa kiasi gani? Kwa nje unachimba mfereji kandokando ya msingi, upana wa sentimita 15 na kina cha 30, na unatia takriban lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita 1, nusu shimoni na nusu kwenye udongo unaorudishia. Fundi aliyezunguka nyumba ya vyumba vitatu na bomba moja la mgongoni la lita 16 hajaweka kizuizi. Je, baada ya dawa kuna aliyechimba? Mfereji wa bomba jipya, shimo la nguzo ya uzio, bustani, baraza jipya: kila kimoja kimekata kizuizi. Na je, kuna mbao imefukiwa?

Kwa kuwa baraza na banda la gari ndivyo vinavyoongezwa mara nyingi baadaye, hapo ndipo pa kutiliwa mashaka kwanza. Nyumba ya shangazi ilikuwa imepigwa dawa kwenye msingi, tena vizuri. Baraza ndilo lililoruka kizuizi hicho.

Kuhusu dawa yenyewe: nunua iliyosajiliwa, yenye lebo inayosomeka, kwenye duka linalojulikana. Tanzania usajili uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kenya kuna bodi yao ya viuatilifu. Imidaklopridi, fipronili na bifenthrini ndizo zinazotumika sana kwa kazi hii, na kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye lebo. Wazee bado wanaisifu dieldrini, na ni kweli ilikaa ardhini miaka mingi, lakini kwa sababu hiyohiyo iliingia kwenye maziwa ya mama na ya ng'ombe, ikawekwa pamoja na aldrini na klodani kwenye orodha ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Mtu akikuletea chupa isiyo na lebo akisema ni dawa kali ya zamani, mkatalie. Usimwage dawa karibu na kisima wala siku mawingu ya mvua yamefunga, vaa glavu na buti, na kuku wafungiwe.

Oili chafu inayopakwa kwenye nguzo inawasumbua mchwa kwa muda, kisha inawahi kuisha nguvu huku ikichafua udongo. Majivu nayo ni hivyohivyo: yakilowa, wanapita. Kuchimba kichuguu na kumtoa malkia kunaweza kuua kundi hilo, lakini makundi mengi hayana kichuguu juu ya ardhi, na la jirani litakuja kujaza nafasi.

Nyumba ya miti na udongo, au ya tofali za kuchoma na udongo

Nyumba hizi zinadharauliwa bure. Zinaweza kudumu. Nguzo za miti zinaliwa pale zinapoingia ardhini na sentimita chache juu yake, hivyo rekebisha hapo. Kata mguu uliooza, simamisha nguzo juu ya jiwe au kipande cha zege kinachotokeza juu ya ardhi, na kama ni nguzo ya baraza weka kiatu cha chuma kinachoiacha wazi chini ili uone kama kuna njia inapandishwa. Paa litokeze vya kutosha kumwaga maji mbali na ukuta. Kwa tofali za udongo, ukijenga upya upande mmoja, kozi (safu za tofali) za chini zijengwe kwa saruji na juu yake upitishe mkanda wa zege usiokatika. Ukanda huo unamlazimisha mchwa atoke nje ya ukuta ndipo apande, na akitoka nje utamwona.

Kama bado hujamwaga jamvi

Una bahati, maana kazi hii ni rahisi zaidi sasa kuliko wakati mwingine wowote. Ng'oa visiki na mizizi mikubwa. Shindilia kifusi, mwaga dawa kwa lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita mraba ya eneo lote la ndani, na uongeze pembeni mwa kuta za msingi na kuzunguka kila bomba. Nailoni inawekwa juu yake kuzuia unyevu tu. Mchwa anaitafuna, usiihesabu kama kizuizi. Zege lifuate mapema kabla jua na mvua havijaharibu dawa, lisiwe chini ya sentimita 10, na limwagiliwe siku 7 ili lisipasuke.

Siku ya kujaza kifusi, acha shughuli nyingine zote uwe pale site. Vigingi vya kamba, mbao za kufungia zege, mifuko ya saruji, ncha za mirunda: tembea mle ndani ya msingi kabla ya toroli la kwanza la zege na uokote kila kipande kwa mkono wako.